Kuweka SSH kwenye seva bila kujifungia nje

Karibuni. SSH ni njia salama ya kuingia kwenye seva na kuiendesha ukiwa mbali. Seva hii ya Ubuntu 24.04 iko mezani hapa Mbeya, kesho inashuka Tukuyu. Haya yote tuyafanye ikiwa bado mbele yetu, maana ukishajifungia nje, dawa yake ni nauli ya Tukuyu, ukachomeke skrini na kibodi.

Kwenye seva andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt install openssh-server`. Amri ya `ip a` itakuonyesha anwani. Yetu ni 192.168.1.50.

Hamia kwenye laptopu, utengeneze jozi ya funguo, wa umma na wa siri, za kuingilia badala ya nenosiri la seva: `ssh-keygen -t ed25519`. Ikikuuliza nenosiri la kulinda ufunguo (passphrase), liweke, maana laptopu ikiibiwa stendi hicho ndicho kizuizi pekee kilichobaki. Peleka ufunguo wa umma kwenye seva: `ssh-copy-id fundi@192.168.1.50`; `fundi` ni jina la mtumiaji wetu kwenye seva. Ule wa siri, usio na `.pub` mwishoni, usiutume WhatsApp hata kwa mwenzako wa kazini.

Ingia: `ssh fundi@192.168.1.50`. Dirisha hili usilifunge mpaka nikwambie.

Humo fungua `sudo nano /etc/ssh/sshd_config.d/01-usalama.conf`, uandike mistari miwili, wa kwanza unazima kuingia kwa nenosiri, wa pili unamzuia root, yaani msimamizi mkuu, asiingie kwa SSH:

`PasswordAuthentication no`
`PermitRootLogin no`

Kwa nini 01? SSH hushika agizo la kwanza inalokutana nalo, na mafaili haya husomwa kwa mpangilio wa majina. Seva nyingi zina `50-cloud-init.conf` lenye neno `yes`. Ukiandika `no` yako chini ya `sshd_config`, lile limeshakutangulia: nenosiri linaendelea kukubaliwa, wewe unaamini umelizima. Wengi wananaswa hapa, kwa hiyo hakikisha.

`sudo sshd -t`. Ikikaa kimya, hakuna kosa la uandishi. `sudo systemctl restart ssh`. Kisha `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`, lazima ijibu `no`.

Fayawoli, ukuta unaochuja miunganisho ya mtandao: `sudo ufw allow OpenSSH` kwanza, ndipo `sudo ufw enable`. Usigeuze mpangilio huo.

Sasa fungua dirisha la pili, ingia upya. Umeingia? La kwanza lifunge. Ikija "Permission denied", rudi kwenye la kwanza: `chmod 700 ~/.ssh`, halafu `chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`. SSH huukataa ufunguo ikiona watu wengine wanaweza kuandika humo. "Connection refused" mara nyingi ni huduma haijawaka. Kimya kirefu kinachoishia "timed out", kagua anwani na fayawoli.

Kule Tukuyu, tazama anwani ya nje ya ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine, na kufungua poti 22, mlango wa SSH, kwenye ruta hakutasaidia kitu. Pitia WireGuard, yaani VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake yenyewe. Kazi ndefu zianzishe ndani ya `tmux`, programu inayozishikilia kazi kwenye seva, mtandao ukikatika ziendelee.

Na kabla hujaipakia garini, ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Ubuntu haijawaka, uiweke ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Seva iliyozimika haifikiwi kwa ufunguo wowote.