Miche ya Ndani na Jua la Oktoba

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kuotesha miche ya nyanya na hoho ndani ya nyumba kwa mwanga wa taa, kisha kuipeleka shambani. Taa nitazigusa kwa ufupi. Kinachoniuma ni safari ya kutoka ndani kwenda nje, maana hapo ndipo watu wanapoteza miche mizuri kabisa.

Kwanza, kwa nini ndani, wakati Tabora hatuna shida ya jua? Wenzetu wa Kanada huwasha taa kwa sababu ya baridi. Adui yetu sisi ni inzi mweupe. Anabeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya na kuyageuza ya njano, na mche ukiambukizwa mdogo hauzai cha maana. Dawa ya kuuponya hakuna. Chumba chenye wavu madirishani kinaukinga mche katika wiki zake za mwanzo, zile ambazo uko hatarini zaidi.

Tyubu laiti ya LED ya wati 20 inatosha trei chache. Ining'inize sentimita 15 hivi juu ya miche, uipandishe kadiri inavyokua. Ukiona vishina vyembamba vinarefuka na kulala, taa iko mbali. Washa kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku, kisha zima. Nyanya isiyopata giza majani yake hupauka. Kwa saa 14 unatumia uniti 0.28 za umeme wa LUKU kwa siku. Maji ipe miche asubuhi, na kwa kiasi, maana trei inayolala imelowa ndiyo inayoleta kinyausi: shina linaoza usawa wa udongo na mche unaanguka ukiwa bado kijani.

Sasa tutoke nje.

Mwanga wa jua kali la mchana hufika laksi 100,000, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Taa yetu ile haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Jani lililokulia ndani lina ngozi laini, nta yake ni nyembamba, halijawahi kuonja miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, wala upepo. Ukilitoa ghafla, kesho yake linageuka jeupe kama karatasi. Watu husema ni ugonjwa, wanakimbilia dukani kununua dawa. Ni kuungua, ndugu zangu.

Na sisi tuna jambo letu. Mwanzoni mwa Oktoba jua la Tabora linapita utosini kabisa, na mwezi huo ndio wa joto kuliko yote hapa, mvua bado. Tena huku magharibi mwa Tanzania jua halifiki kileleni saa 6 kamili. Linachelewa, mara nyingi hadi saa 7 kasoro. Kwa hiyo mtu anayerudisha miche kivulini saa 6, akaitoa tena saa 8 akidhani jua limepoa, anaichoma.

Fanyeni hivi. Siku mbili za kwanza iwe kivulini, chini ya mwembe, kwa muda wa saa mbili au tatu za asubuhi tu, halafu ndani. Siku ya tatu ipate jua la kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Ongeza saa moja au mbili kila siku. Ikifika siku ya saba, iache ipambane na mchana, ukiwa karibu. Siku ya nane au ya tisa ilale nje. Hata nje miche iwe chini ya wavu, la sivyo inzi mweupe atakupokonya ulichokilinda ndani. Maji punguza, lakini usiiache inyauke. Hoho iongezee siku mbili, yenyewe ni ya polepole.

Wakulima wa tumbaku mliopo hapa mnanielewa upesi. Kitalu mnakifunika nyasi, mnazipunguza kidogo kidogo, kisha mnabana maji kabla ya kung'oa. Mzee wa Urambo hahitaji mtaalamu wa kumfundisha hilo. Ninachoomba ni kwamba uvumilivu ule ule mnaoupa tumbaku, nyanya nayo ipewe.

Siku ya kupanda ngoja hadi saa 10 na nusu jioni. Mwagilia trei kwanza ili mche utoke na udongo wake, nyanya uizamishe hadi karibu na majani ya chini kwa kuwa shina lake huota mizizi, hoho uiache kimo kile kile. Mwagilia shimo papo hapo. Kama kesho yake jua ni kali sana, chomeka tawi la majani upande wa magharibi wa kila mche kwa siku mbili tatu.

Karibuni maswali.