Majina Mawili ya Mtu Mmoja

Waheshimiwa wasikilizaji, naomba tukae na kitabu kimoja tu. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Hispania, Dominicus Gundissalinus na mwenzake Johannes walifasiri kutoka Kiarabu kitabu walichokiita kwa Kilatini Fons Vitae, yaani Chemchemi ya Uhai. Ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, na hoja yake kuu ni kwamba kila kilichoumbwa, hata roho na malaika, kina maada na umbo. Mwanateolojia Thomas Aquinas aliipinga. Watawa wengi wa Kifransisko wakaishika. Mwandishi alijulikana kwa jina la Avicebron. Wako waliomdhani Mwislamu, na Guillaume wa Auvergne, askofu wa Paris, aliamini kuwa ni Mkristo. Asili ya Kiarabu ilikwisha kupotea, wala kitabuni hamna aya hata moja ya Torati, Injili au Kurani ya kumfichua mwenyewe.

Tafsiri ilichukua hoja, ikamwacha mwenye hoja.

Takriban miaka 700 baadaye, Salomon Munk, mzaliwa wa Silesia aliyehudumu katika maktaba kuu ya Paris, alikuta katika hati ya Kiebrania vipande ambavyo Shem Tov ibn Falaquera, mwanachuoni wa karne ya 13, alikuwa amevifasiri kutoka kitabu cha Kiarabu cha Shlomo ibn Gabirol. Akakilaza Kiebrania kando ya Kilatini, akasoma sentensi kwa sentensi, navyo vikaoana. Mwaka 1846 akatangaza kwamba Avicebron ndiye Ibn Gabirol, Myahudi wa Andalusia wa karne ya 11. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mtu huyo hakuwa amesahauliwa hata kidogo: Wayahudi waliendelea kusoma mashairi yake katika ibada zao, huku wanateolojia wa Kikristo wakibishana juu ya falsafa yake, na hakuna aliyejua kuwa ni mtu yule yule. Tafsiri moja isingetosha kulifumbua fumbo hilo. Zilihitajika mbili, zilizopita njia mbalimbali.

Kisha Munk akageukia Dalalat al-Ha'irin, yaani Mwongozo wa Waliotatizika, ya mwanafalsafa wa Kiyahudi Musa bin Maimun (Maimonides), iliyoandikwa kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alitoa matini hayo pamoja na tafsiri ya Kifaransa, juzuu 3, kati ya 1856 na 1866, na miaka yote hiyo alikuwa kipofu, akisomewa na kuandikiwa na wengine.