Kazi Yangu Marekani: "Eti Unashinda na Vichaa?"

Haya, mnanisikia? Leo narekodi ndani ya gari, nimetoka zamu sasa hivi. Ngoja nivue beji kwanza, maana mwajiri hataki ionekane mitandaoni, na jina la jiji sitalitaja pia. Jueni niko California, basi.

Juzi shangazi kanipigia kutoka Tanga. Tukasalimiana weee, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua zimeanza, halafu akashusha sauti. "Eti mwanangu, ni kweli unashinda na vichaa?" Nikamwambia nashinda na wagonjwa, shangazi. Akanyamaza kidogo. "Basi ukae karibu na mlango." Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu hilo ndilo somo la kwanza tulilopewa kazini: ukiingia chumbani kwa mtu, asikae kati yako na mlango.

Sasa niwaeleze. Huko nyumbani mngeniita afisa ustawi wa jamii, mkadhani nagawa mahindi ya msaada. Hapa ukitaka kumpima mgonjwa wa akili, uandike anaumwa nini na umtibu kwa mazungumzo bila mtu kukusimamia, lazima uwe na leseni ya jimbo. Dawa siandiki, hizo ni za daktari. Leseni yenyewe inaanzia shahada ya uzamili, halafu saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, na hata ukimbie vipi haziishi kabla ya wiki 104. Mimi zilinichukua karibu miaka minne, kwa sababu usiku nilikuwa nalea wazee ili nilipe kodi ya nyumba. Saa zako unajaza kila wiki, msimamizi anasaini. Wa kwangu wa kwanza aliacha kazi ghafla, na karatasi zangu za miezi mitatu hazina saini! Nilimfuata kwa basi mpaka mji mwingine, nikamkuta anamwagilia maua. Akanisainia juu ya boneti ya gari lake, maji yanadondoka kwenye karatasi, mimi napepea na kanga.

Mitihani ni miwili, wa sheria na maadili, kisha wa tiba, ambao nilipoufanya mimi ulikuwa maswali 170 kwa saa 4. Tuuache, bado naota ndoto zake.

Mwajiri wangu ni jiji. Kwa nini jiji? California huduma za namna hii kwa kawaida ni za kaunti, na kaunti ziko 58. Ila San Francisco ni jiji na kaunti kwa pamoja, na Berkeley, jiji dogo tu, lina idara yake lenyewe ya afya ya akili. Kliniki za watu binafsi zinapokea wanaokuja kwa miadi. Sisi tunawafuata wasiokuja. Mshahara msiniulize, wa mtumishi wa umma hapa unawekwa wazi mtandaoni. Shemeji yangu alishauona, na alishaukopa.

Kitu ambacho sijawahi kuwaambia ni ile fomu. Watu wanaiita kwa namba ya kifungu cha sheria, 5150. Sheria hiyo ilisainiwa 1967 na gavana Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuwa rais. Kabla yake mtu aliweza kufungiwa hospitalini miaka na miaka, hajui atatoka lini. Fomu inaruhusu azuiwe saa 72 apimwe, na sababu ni tatu tu: ugonjwa unamfanya awe hatari kwake mwenyewe, au kwa wengine, au hawezi kabisa kujitunza. Leseni peke yake haitoshi kuijaza, mpaka kaunti ikuteue. Siku nilipoteuliwa sikulala. Mimi, binti wa Ngamiani, Tanga, na kalamu ya kawaida tu ya wino wa bluu, naweza kumnyima mtu mzima siku tatu za uhuru wake.

Mwezi wa pili, baridi, tukaitwa kituo cha basi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu, siri ya mgonjwa ni siri.) Baba wa makamo, miguu mitupu, anagombana na kibao cha barabarani. Majirani wanataka aondolewe. Mwenzangu kabaki na askari kule mbele, mimi nikakalia kreti la maziwa, hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza. Akamaliza ugomvi wake. Nikamuuliza kama amekula, akatoa nusu mkate mfukoni akanionyesha, kama mtu anayeonyesha tiketi. Nikampa soksi nyeupe. Akazikataa. Nyeusi je? Akachukua, akazigeuza, akakagua kisigino kiko wapi, akavaa taratibu, mguu wa kushoto kwanza.

Nikafunga jalada. Mtu anayejua baridi, ana akiba ya chakula, na anachagua rangi ya soksi, huyo ni mgonjwa, ndiyo, na sauti anazisikia, ila kumfunga sina sababu. Majirani hawakufurahi. Mmoja aliniuliza kodi yake inalipia nini hasa. Miadi ya kesho yake yule baba hakuja. Siku ya tatu alikuja, soksi moja tu mguuni.

Sasa narudi kwa shangazi, ila kwanza hili. Kuna fomu nyingine tunaitumia, maswali 9 ya sonona: wiki mbili zilizopita umekosa raha, umekosa usingizi, kila swali alama 0 mpaka 3. Nilimuuliza mama mmoja wa Bukavu, Kongo, kwa Kiswahili, hapakuhitajika mkalimani. Huzuni? Hapana. Umekata tamaa? Mungu apishe mbali. Alama zikawa chache, kwa karatasi yule mama mzima kabisa. Nikaweka kalamu chini. Ndipo akasema, "Niko na mawazo mingi, mwanangu." Tuliongea saa nzima. Neno "mawazo" kwenye ile karatasi halimo.

Kumbe shangazi naye hakupiga kuniulizia mimi. Tulipokaribia kuagana akasema kuna kijana wetu nyumbani, hatoki chumbani tangu Idi, chakula anaachiwa mlangoni. "Ana mawazo," akasema. Wengine wanasema jini, wengine wanasema akiendelea hivyo atapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na wanalitaja jina la Mirembe kama tusi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema niwaambie, huenda na kwenu yupo kama huyo.

Na hapa leseni yangu inanicheka. Inaishia mpakani mwa California. Nevada tu hapo jirani siruhusiwi kutibu, sembuse Tanga. Nimemwambia aende naye hospitali ya Bombo, hapo hapo Tanga, na kama hataki kutoka, asibishane naye mlangoni, akae tu sakafuni upande wa nje, amwambie amekuja kukaa.

Huku ni saa mbili usiku, huko kumepambazuka, saa kumi na mbili. Shangazi kasema leo ataiingiza simu kwa chini ya mlango, nafasi ipo. Kwa hiyo nazima kamera, wapendwa. Nampigia mdogo wangu.