Gitaa la kwanza linaanzia kwenye rundo la mabanzi

MWALIMU: Mwangaluka, Fundi.

FUNDI: Mwangaluka, Mwalimu. Naona leo umekuja na gogo zima.

MWALIMU: Si gogo, ni mfumbati wa kitanda. Nitaueleza baadaye. Msikilizaji, karibu tena mezani kwetu hapa Tabora. Niliahidi naanza kutengeneza gitaa langu la kwanza, basi nikaenda kwenye mabanda ya mbao kuulizia mninga. Nimerudi mikono mitupu. Kwa bei niliyotajiwa, mtu ambaye hajawahi kukunja hata ukuta mmoja wa gitaa anaogopa kuugusa na msumeno.

FUNDI: Nashukuru hukununua. Nasema kwa uchungu, maana gitaa langu la kwanza nililitengeneza kwa mninga uliotoka kupasuliwa, bado una maji. Ilikuwa Februari, mvua zinanyesha. Nikalipaka vanishi, likang'aa, majirani wakaja kulitazama. Agosti, usiku tumelala, nikasikia "kaa!" Mgongo umepasuka kutoka juu mpaka chini.

MWALIMU: Mninga ndio uliokosea?

FUNDI: Hapana. Mninga ukishakauka hutulia kuliko mbao nyingi. Kosa lilikuwa haraka yangu. Hapa kwetu mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili, halafu kiangazi kinakuja na hewa kavu kabisa. Mbao hunywa unyevu wa hewani ikavimba, kiangazi inautoa ikasinyaa. Na inavimba kwa upana, urefu haubadiliki sana. Sasa ndani ya mgongo umegundisha mihimili iliyolala kukata upana. Mgongo unataka kusinyaa, mihimili inaukatalia. Lazima upasuke.

MWALIMU: Kwa hiyo nisubiri kiangazi.

FUNDI: Mihimili igundishe kiangazi, mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Mvua zikija, mgongo utavimba na kuinuka kidogo. Kuinuka hakuna neno. Ndiyo sababu nasema mbao ya kujifunzia isipimwe kwa jina la mti. Ipimwe kwa ukavu na kwa unyoofu wa mistari yake. Msindano mkavu ulionyooka unashinda mninga mbichi, na ni rahisi mno.

MWALIMU: Hebu tuuseme huo msindano, maana wengi wanaujua kama mbao za kupaulia tu, zile za Mafinga.

FUNDI: Hizo hizo. Magitaa ya Ulaya, uso wake kwa kawaida ni mti uitwao sprusi, mti wa nchi za baridi. Msindano ni wa ukoo mmoja na huo. Wetu umekua haraka, kwa hiyo mistari yake ina nafasi pana. Wewe tafuta mbao ambayo mistari imekaribiana. Usitazame ubavu wake, tazama kichwa chake, pale ilipokatwa, ndipo pete za mti zinaonekana.

MWALIMU: Na pete zinatakiwa zikaeje?

FUNDI: Hapa nataka tukae kidogo. Ubao wa uso wa gitaa unataka mistari isimame wima kama nyasi, isilale kama mkeka. Ikisimama, uso unakuwa mwembamba na bado unabeba mvuto wa nyuzi. Mbao ya dukani mara nyingi mistari imelala, na watu wanaikatia tamaa. Lakini chukua mbili kwa sita ambayo mistari imelala sambamba na ule upana wa inchi sita. Isimamishe, halafu pasua vipande vyembamba kutoka ule ubavu wa inchi mbili, ukifuata urefu. Kila kipande kitakuwa na upana wa inchi mbili, na mistari imesimama!

MWALIMU: Subiri nichore. Mistari ililala kwenye upana mkubwa, nikikata kutoka ubavuni... ndiyo, inasimama. Lakini inchi mbili haitoshi uso wa gitaa.

FUNDI: Unaunganisha. Sehemu pana kabisa ya gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni ni kama sentimita 37. Vipande vinane au tisa, ukivinyoosha kwa randa na kuvigundisha kingo kwa kingo, umefika. Na urefu wa uso hauzidi nusu mita. Maana yake kipande cha sentimita 60, kile ambacho fundi paa anakitupa, ukikata vipande vya milimita tano kwa makini kinakupa uso mmoja, pengine na wa pili.

MWALIMU: Kile kinachouzwa kuwa kuni.

FUNDI: Kabisa. Nenda jioni nyuma ya karakana, waambie unataka mabanzi na vichwa vya mbao. Mama ntilie atakuwa ameshatangulia, basi elewana na fundi mapema akuwekee. Kuna vipande vya mninga pale vilivyobaki kwenye fremu za milango, futi mbili, mbili na nusu. Hapo hakuna mti mpya unaokatwa kwa ajili yako.

MWALIMU: Nimewahi kusikia watu wakisema gitaa la vipande vipande haliwezi kulia vizuri.

FUNDI: Mwaka 1995, Bob Taylor wa Marekani, mwenye kiwanda cha magitaa, alitengeneza gitaa kwa mbao za pallet, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, kuonyesha kwamba mkono wa fundi unatangulia jina la mti. Na zamani zaidi, mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa ambalo mgongo na kuta zake ni karatasi ngumu, uso peke yake ndio wa mbao nzuri. Lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho ya muziki, Barcelona.

MWALIMU: Karatasi! Basi kazi kubwa iko usoni.

FUNDI: Ndiyo, kwa hiyo muda wako na uteuzi wako viweke usoni. Mgongo na kuta, tumia unachopata. Kule Hawaii wanatengeneza ukulele kwa mwembe, na Tabora hii kila njia ina mwembe. Dhoruba ikiangusha mmoja, wakati watu wanawaza mkaa, wewe omba kigogo. Ila upasue na kuukausha upesi, bungua wanaupenda sana.

MWALIMU: Pallet nazo nimeziona kwenye maghala ya tumbaku.

FUNDI: Soma muhuri kwanza. Zenye herufi HT zilipashwa joto, hizo chukua. Zenye MB zilifukizwa dawa ya sumu, ziache, wala usizifanye kuni.

MWALIMU: Swali la msikilizaji kutoka Urambo: hana kipimo cha unyevu, atajuaje kwamba mbao imekauka?

FUNDI: Mizani ya dukani. Pasua vipande vyako viwe vyembamba, vipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite kote. Kila wiki, siku ile ile, pima kipande kimoja, andika kwa penseli juu yake. Uzito utashuka, utashuka, mwisho utasimama. Ukisimama wiki tatu mfululizo, mbao imelingana na hewa ya kwako. Mbao nene hukaa mwaka kwa kila inchi, lakini kipande cha milimita tano ni wiki chache tu za kiangazi. Kwenye jua kali usiweke, itajikunja.

MWALIMU: Na kukunja kuta?

FUNDI: Bomba la chuma lenye makaa ndani. Nyunyizia tone la maji, likirukaruka, bomba liko tayari. Ukuta uwe milimita mbili, si zaidi. Utavunja vingi, na hivyo ndivyo mabanzi yanavyokusaidia: ukivunja, mkono haupati woga. Vunja kumi, cha kumi na moja kitakuambia chenyewe kwamba kimelegea. Na vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi la mninga linachoma pua.

MWALIMU: Sasa mzigo wangu. Huu ni mfumbati wa kitanda cha bibi yangu. Kitanda kilivunjika miguu, kikawekwa stoo. Ni mninga, na umekauka tangu mama yangu hajaolewa. Shangazi alitaka kuuwekea mahindi.

FUNDI: Ulete hapa karibu na kipaza sauti. Shika hivi, kwa vidole viwili, robo ya njia kutoka mwisho. Uache uning'inie. (Anagonga.)

MWALIMU: Mama wee. Kama kengele.

FUNDI: Umesikia? Mbao mbichi ingesema "pwa". Hii inabeba sauti. (Anagonga tena.) Miisho hii ina matundu ya bolti, hiyo tutaikata. Kabla ya msumeno pitisha sumaku ya spika mbovu kote, msumari mmoja uliojificha unamaliza meno yote. Urefu uliobaki unapita futi nne.

MWALIMU: Unatosha shingo?

FUNDI: Shingo mbili. Moja utaharibu pale unapokata pembe ya kichwa, maana ni digrii 15 na mkono bado mgeni. Nyingine itakuwa gitaa. Na kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili, kisikutishe, tutakipandisha kwa kugundisha vipande vifupi kimoja juu ya kingine, viko vya kutosha pale.

MWALIMU: Basi ngoja nimpigie shangazi, nimwambie mahindi atafute mahali pengine. Jumamosi niko kwako na mizani.

FUNDI: Njoo na penseli pia.