Mlio wa Nyundo Chini ya Bahari

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nitaanza na watu sita.

Tarehe 17 Desemba 1927 nyambizi ya Marekani iitwayo S-4 ilikuwa ikiibuka karibu na Provincetown, Massachusetts, ikagongwa na meli ya walinzi wa pwani. Ikazama na watu 40, kwenye kina cha mita 31 hivi. Mzamiaji alipoifikia akagonga bati lake, akajibiwa kutoka ndani. Watu sita walikuwa hai katika chumba cha topido, yaani makombora ya majini, upande wa omo, mbele. Waligonga ujumbe kwa alama za Morse, wakauliza kama kuna matumaini. Juu, dhoruba ilikuwa imewafukuza waokoaji. Hewa ikawaishia wale sita huku wenzao walio juu wakiwasikia.

Nawaombeni tukae na mlio huo, kwa sababu historia yote ya uokoaji wa nyambizi imetoka humo. Kabla ya hapo, chombo kilichozama mara nyingi kilihesabiwa kaburi. Kazi iliyojulikana ilikuwa kuopoa chuma, na kuopoa huchukua wiki na miezi, wakati aliyefungiwa ndani huhesabu saa. Ni kweli kwamba mwaka 1851 Mjerumani Wilhelm Bauer na wenzake wawili walijiokoa katika bandari ya Kiel: aliwashawishi waache maji yaingie mpaka shinikizo la ndani lilingane na la nje, ndipo mlango ukafunguka. Alikuwa na akili tulivu ajabu. Lakini huko ni kujiokoa. Suala la mtu wa juu kumfuata aliye chini lilikuwa bado halijapata mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Charles Momsen, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani. Mwaka 1925, nyambizi S-51 ilipogongwa na meli ya abiria, Momsen alitumwa na nyambizi yake kuitafuta. Alikuta mafuta na mapovu juu ya maji, na hakuwa na chombo chochote cha kuwafikia waliokuwa chini. Akapendekeza kengele kubwa ya chuma ishushwe, ikae juu ya mlango wa nyambizi, iwatoe watu wakiwa wakavu. Pendekezo likakaa ofisini, kisha likakataliwa kwa hoja kwamba halitekelezeki. Miaka miwili baadaye wale sita wa S-4 wakafa.

Ndipo mambo yakasogea. Momsen alitengeneza kwanza mfuko wa mpira wa kuvaa kifuani: una oksijeni, na una chokaa ya soda inayofyonza hewa ukaa mtu anayoitoa. Aliujaribu yeye mwenyewe majini kabla ya kumpa mtu mwingine, na kwangu mimi hilo linamweleza kuliko cheo chake. Hatari kubwa ya kupanda kutoka kilindini si kukosa hewa peke yake. Hewa uliyoivuta chini hutanuka kadiri unavyopanda, na mwenye kubana pumzi hupasuka mapafu. Kwa hiyo mabaharia walifunzwa kupanda taratibu wakishika kamba, huku wakipumua bila kukoma. Kengele nayo ikakamilishwa na Allan McCann, na jina lake ndilo lililobaki juu yake.

Jaribio la kweli lilikuja asubuhi ya tarehe 23 Mei 1939. Nyambizi mpya Squalus ilizama mbele ya pwani ya New Hampshire. Taa za ubaoni zilionyesha kila tundu limefungwa, lakini vali kubwa ya kuingizia hewa kwenye injini ilikuwa wazi. Vyumba vya tezi, yaani vya nyuma, vikajaa maji. Watu 26 wakafa. Fundi umeme Lloyd Maness aliushikilia mlango mzito wa chuma mpaka wachache wakapita wakilowa, kisha akaufunga. Waliobaki 33 wakalala gizani, mita 73 chini, wakiamriwa wasizungumze wala kutembea ili hewa idumu.

Nyambizi mwenzake, Sculpin, ikaliona boya lao. Meli ya uokoaji Falcon ikaleta kengele, na Momsen akaongoza kazi. Mzamiaji alishuka akafunga waya kwenye mlango. Kengele ikajivuta kwa waya huo hadi chini, ikakaa juu ya mlango, maji yakasukumwa nje, na uzito wa bahari yenyewe ukaibana isivuje. Safari ya kwanza ikatoa watu 7, ya pili 9, ya tatu 9. Katika ya nne, ikiwa na 8 wa mwisho, waya ukakwama na nyuzi zake zikaanza kukatika. Wakairudisha chini. Wazamiaji wakajaribu kufunga waya mpya, wakashindwa. Mwishowe mabaharia wa Falcon wakaivuta kwa mikono, pole pole, huku maji yaliyoipa uzito yakipunguzwa kidogo kidogo, mpaka ikaibuka baada ya usiku wa manane. Wote 33 walitoka.

Siku tisa tu baada ya Squalus, tarehe 1 Juni 1939, nyambizi ya Uingereza Thetis ilizama katika ghuba ya Liverpool ikiwa majaribioni, imejaa mafundi wa kiwanda juu ya mabaharia wake: watu 103. Kitobo cha kupimia kama bomba la topido lina maji kilikuwa kimezibwa na rangi, hivyo bomba likafunguliwa likiwa limejaa. Asubuhi tezi yake ilionekana juu ya maji, karibu ya kushikwa kwa mkono. Walitoka wanne. Tisini na tisa waliuawa zaidi na hewa ukaa, maana msongamano wa watu uliongeza sumu hiyo kwa kasi. Mimi siwezi kusoma habari za Thetis bila hasira. Mifuko ya kupumulia ilikuwamo, ujasiri haukukosekana, lakini mpango wa watu wa juu ulichelewa.

Kuchelewa huko kulirudi mwaka 2000. Nyambizi Kursk ya Urusi ililipuliwa na topido zake katika bahari ya Barents tarehe 12 Agosti, ikiwa na watu 118. Ishirini na tatu walifika chumba cha tisa wakiwa hai, na Luteni Kapteni Dmitri Kolesnikov akaandika majina yao. Msaada wa nje ulikubaliwa baada ya siku nne, na wazamiaji wa Norway walipofungua mlango tarehe 21, chumba kilikuwa kimejaa maji. Kwa kweli watu hao hawakuishi muda mrefu baada ya mlipuko. Lakini waliokuwa wakisubiri juu hawakulijua hilo, na bado waliacha siku zipite.

Agosti 2005, chombo kidogo cha Urusi AS-28 kilinaswa na nyaya na nyavu mbele ya Kamchatka, kwenye kina cha mita 190, na watu saba ndani. Safari hii Urusi iliomba msaada mapema. Waingereza wakasafirisha kwa ndege roboti yao Scorpio, ikakata nyaya, na chombo kikapanda chenyewe. Wote saba walifungua mlango wao kwa mikono yao wakatoka hai.