Ubuntu imeacha masasisho nyuma? Tazama sababu kwanza

Karibu. Leo tupo kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta. Umeagiza masasisho, umeweka nenosiri, kisha terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inakuambia kuna vifurushi (programu na sehemu zake) vimeachwa nyuma. Unarudia, jibu ni lile lile. Kabla hujabandika amri ulizookota mtandaoni, twende taratibu, maana mara nyingi kompyuta yako ni nzima kabisa.

Fungua terminali: bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika sudo apt update, ngoja imalize, halafu sudo apt upgrade. Usikimbilie kujibu Y. Soma kwanza kilichoandikwa hapo juu, mstari kwa mstari.

Ukiona neno phasing, sasisho hilo limecheleweshwa makusudi. Ubuntu haigawi masasisho ya kawaida kwa kompyuta zote kwa mkupuo mmoja. Huanza na asilimia 10 hivi, kisha kwa kawaida huongeza asilimia 10 nyingine kila baada ya saa 6, kwa hiyo kuzifikia zote huchukua siku mbili na ushee. Muda wote huo ripoti za hitilafu zinafuatiliwa. Zikizidi, ugawaji husimamishwa, na wewe uliyekuwa bado kwenye foleni unakuwa umenusurika. Mimi naupenda sana utaratibu huu. Na usihofu: masasisho ya usalama hayapangwi foleni, yanakuja moja kwa moja.

Unataka kujua foleni imefika wapi? Andika apt-cache policy, acha nafasi, weka jina la kifurushi. Pembeni ya toleo jipya utaona, kwa mfano, phased 20%. Ukishaona hivyo, funga terminali uendelee na kazi zako. Kesho kutwa jaribu tena.

Kuna njia ya kuruka foleni, nayo ni hii hapa kwenye skrini:

sudo apt -o APT::Get::Always-Include-Phased-Updates=true upgrade

Itumie kwenye kompyuta ya majaribio. Ile unayoitegemea kwa kazi, iache isubiri.

Sasa, ikiwa neno phasing halipo, angalia kama kifurushi kimefungwa. Andika apt-mark showhold. Jina likitokea, basi wewe au mtu mwingine aliyetumia mashine hiyo alikizuia. Jikumbushe kwanza kwa nini kilizuiwa, ndipo ukifungulie kwa sudo apt-mark unhold na jina lake.

Orodha ikitoka tupu, huenda toleo jipya linadai kifurushi kingine kiondolewe. Amri ya apt upgrade haiondoi kitu kilichokwisha kusakinishwa, ndiyo maana inakiacha. Hapo tunatumia sudo apt full-upgrade, na hapa nakuomba utulie. Tafuta sehemu inayosema REMOVED, au REMOVING kwenye matoleo mapya, yaani vitakavyoondolewa. Vikiwa vifurushi viwili vitatu usivyovitumia, jibu Y. Lakini ukiona ubuntu-desktop, kifurushi cha mazingira ya skrini ya Ubuntu, au programu unayoifungua kila siku, jibu N papo hapo. Hakuna kitakachoharibika kwa kukataa.

Na ukikutana na ujumbe wa lock, yaani kufuli, maana yake kuna programu nyingine inasasisha kwa nyuma wakati huo huo. Usiifute faili ya lock, hata kama umeona mtu akishauri hivyo. Ipe dakika kadhaa imalize, kisha rudia sudo apt upgrade.