Namba Kwanza, Picha Baadaye

(Mhadhara uliotolewa Cardiff mbele ya wapenzi wa reli wanaozungumza Kiswahili)

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka, na nyinyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Newport, Swansea na kule nyumbani Pwani: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Tangazo la leo limesema nitazungumzia habari za reli za Wales na injini zilizoonekana karibuni. Nitazungumzia, msiwe na wasiwasi. Lakini walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi, na pale nyuma naona mtu ameshaanza kucheka. Cheka tu. Naanzia kwenye namba, ile iliyoandikwa ubavuni mwa kila injini.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea picha nzuri ajabu. Kichwa cha treni kinatoka kwenye ukungu, taa zinawaka, matone yanateleza kwenye kioo cha dereva. Nikamuuliza, namba gani? Hajui. Ulikuwa wapi? "Karibu na mto." Mwanangu, Wales nzima iko karibu na mto! Lini? "Kabla ya Krismasi." Krismasi ipi, hakusema. Nikamrudishia simu yake. Hiyo ni kadi ya kutumia watu Idi. Si taarifa ya injini.

Taarifa ni hivi: namba yake, ulisimama wapi, saa ngapi, inaelekea wapi, inavuta nini. Basi. Picha ikipatikana, alhamdulillahi. Isipopatikana, taarifa imekamilika.

Na hapo kwenye saa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu sisi tuna ugonjwa wetu ambao Waingereza hawana. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, simtaji, yumo humu, aliandika kwamba treni ya chuma hupita Newport "saa 8:20". Nusu ya kundi tukaenda asubuhi, tukaganda kwenye jukwaa mpaka masikio yakafa ganzi. Nusu nyingine wakaenda mchana baada ya chakula, wakaipata, wakatutumia picha huku wakila sambusa. Yeye alikuwa ameandika saa nane na dakika ishirini, ya kwetu. Sasa nasema, na naomba iwe sheria: kwenye daftari andika 14:20. Mdomoni sema saa nane, hakuna atakayekunyang'anya.

Na usiandike "inapanda" wala "inashuka". Reli nyingi za Uingereza zina desturi ya kuita "juu" upande wa London, hata kama ardhi inateremka. Andika jina la mji inakoelekea, tumalize ubishi.

Haya. Kwa nini nang'ang'ania namba? Nawapa kisa cha D6983, na mliokwisha kukisikia vumilieni, leo nimekuja na kipande kipya.

Mwaka 1960 kampuni ya English Electric ilianza kutoa zile dizeli ambazo leo kila mtu anaziita 37. Mpaka 1965 zilikuwa zimetoka 309. Nyingi zikaletwa hapa kusini mwa Wales kuvuta makaa na chuma. Namba zao zilikwenda D6700 mpaka D6999, zilipojaa wakarudi nyuma D6600 mpaka D6608. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe, inatimia.

Sasa Desemba 17, 1965, hapa Bridgend, udongo uliporomoka njiani. Treni ya mabehewa matupu iliyovutwa na D1671, injini iliyokuwa na jina la Thor, ikaacha reli. Ikaja treni ya mizigo nyuma ya D6983, ikaivaa. Injini zote mbili hazikufanya kazi tena, zikauzwa chuma chakavu. D6983 ilikuwa na miezi tu tangu itoke kiwandani. Ndiyo ya kwanza kufa katika ukoo wote wa 37.

Kisa kingeishia hapo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 British Rail, shirika la reli la Uingereza, wakaleta mfumo wa kompyuta, na kompyuta ikataka kila injini ipewe namba mpya: tarakimu mbili za aina, tatu za mpangilio. D6701 ikawa 37001, D6702 ikawa 37002, mambo yanakwenda kama maji. Tatizo likawa kwa D6700, kifungua mimba mwenyewe. Yeye angekuwa 37000, na mfumo haukubali namba inayoishia sifuri tatu. Utamweka wapi?

Wakatazama orodha, wakaona kiti kimoja kitupu: 37283, ambacho kingekuwa cha marehemu wa Bridgend. Mnadhani wakampa D6700? Hapana! Wakamchukua D6819, ambaye haki yake ilikuwa 37119, wakamkalisha kwenye kiti cha marehemu. Kiti cha 37119 kikabaki wazi, ndipo wakampa kifungua mimba. Yaani mkubwa wa nyumba amekaa kwenye mkeka wa mtoto wa mia na ishirini, na huyo wa mia na ishirini kavaa kanzu ya maiti. Baadaye D6700 ikabadilishwa tena ikawa 37350, na iko hai mpaka leo, imehifadhiwa kwenye hazina ya taifa ya reli.

Sasa mchukueni mtu aliyesimama stesheni ya Cardiff mwaka 1975, akaona 37283 inapita na makaa, asiandike kitu. Miaka arobaini baadaye anawasimulia wajukuu: "Ile iliyopata ajali Bridgend niliiona, waliitengeneza." Uongo mtupu, na babu wa watu hajui kwamba anasema uongo. Lakini aliyeandika namba, tarehe na mahali, daftari lake linakaa sambamba na madaftari ya wenzake, na ukweli unatoka wenyewe. Kwa daftari za watu wa namna hiyo ndiyo tunajua yote niliyowaambia sasa hivi.

Kipande kipya ni hiki. Nina picha moja ya marehemu baba. Alikuwa gadi, na picha imepigwa Voi, mimi bado napanda miti ya watu. Amesimama mbele ya dizeli, kofia chini ya kwapa, kiwiko kimetoka nje kama mpini wa birika. Nyuma yake ubavuni inasomeka 87, halafu kiwiko. Tarakimu mbili za mwisho ziko nyuma ya mkono wa baba. Nimeikuza picha hiyo kwa kompyuta mpaka nimehesabu nyuzi za sweta lake. Namba haionekani.

Na hata ningeipata, nusu ya safari. Injini zile zilipokuja Afrika Mashariki miaka ya 1960 zilikuwa za aina ya 90, za reli ya Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kenya ikaziita 87. Zilitengenezwa Vulcan Foundry, kule Newton-le-Willows, Uingereza, kiwanda kilekile kilichotengeneza nyingi ya hizi 37 za Wales, na mota zao ni za ukoo mmoja. Mara ya kwanza kuisikia 37 inaondoka na mzigo hapa Cardiff nilikuwa nimebeba mfuko wa viazi. Niliuweka chini. Ule mlio wa kifua ulikuwa wa Voi saa kumi na moja alfajiri, baba anavaa viatu gizani asituamshe. Kwa hiyo mtu akiniambia "namba ni ushamba wa wazungu wazee wenye chupa za chai," namtazama tu.

Mama hapa mbele anatikisa kichwa. Najua swali lako, mama, uliniuliza mlangoni: siku hizi si kuna programu za simu zinazoonyesha kila treni ilipo? Zipo, hata mimi ninazo. Programu itakwambia treni ya mizigo imetoka Margam na imechelewa dakika nne. Nani anaivuta, mara nyingi haisemi. Imebeba bati au inarudi tupu, haisemi. Programu inafuata ratiba, na mimi nataka aliyekuja kwenye ratiba. Kama bado hujanielewa, fikiria arusi: kadi inakuonyesha saa na ukumbi, lakini nani hasa alikuja na alikula sahani ngapi, hayo muulize aliyekaa karibu na jikoni.

Tuingie kwenye habari zenyewe, naona mwenyekiti anagusa saa yake.

Chuma na makaa. Hapa daftari za zamani zinasomeka kama hesabu za duka. Miaka ya 1970, treni za mawe ya chuma kutoka Port Talbot kwenda kiwanda cha chuma cha Llanwern zilikuwa na mabehewa 27 ya tani mia mia, 37 tatu mbele zikiunguruma kwa pamoja. Llanwern ikaacha kuyeyusha chuma 2001, treni zile zikafa. Kituo cha umeme cha Aberthaw kikafungwa, treni zake za makaa zikaenda nacho. Ffos-y-fran, machimbo ya juu ya Merthyr, yakasimama Novemba 2023. Septemba 30, 2024, tanuru la mwisho la Port Talbot likazimwa. Treni za chuma bado zipo, maana kiwanda bado kinaviringisha bati kwa mabamba yanayoletwa na meli, lakini mzigo si uleule, na mwenye daftari anauona mkono wa bahari ndani yake. Ndiyo maana nasema andikeni inavuta nini!

Treni mpya, haraka haraka. Njia za mabondeni zilihamishiwa mikononi mwa Transport for Wales, shirika la usafiri la Wales, Machi 2020, na njia zenye urefu wa kilomita 170 zikawekewa umeme. Yale mabehewa yenye asili ya basi, ambayo wengi wenu yamewarusharusha mpaka Treherbert, yaliondoka 2021, na sina machozi nayo. Sasa zinakimbia treni za aina ya 756 za kampuni ya Stadler, zilizoanza Novemba 2024. Zina umeme, dizeli na betri, kwa sababu chini ya madaraja yaliyo chini mno waya hauna umeme na treni inapita kwa betri. Ukiwa Merthyr sikiliza ikiondoka: kimya. Wazee hawapendi. Mimi napenda.

Zile treni za aina ya 197 ziko 77, 51 za mabehewa mawili na 26 za matatu, zimeunganishwa Llanwern, kwenye ardhi ileile ya kiwanda cha chuma nilichokitaja. Mtu akikuambia ameziona zote 77, mwombe daftari. Kwa wanaopenda kichwa na mabehewa ya kawaida, kati ya Cardiff na Holyhead bado tunapata zile injini za aina ya 67 zilizotengenezwa Valencia, Hispania. Pandeni mapema, hayo mambo hayadumu.

Kuna kijana ananiambia hapa, mbona hata kule nyumbani treni ya umeme ya Dar mpaka Dodoma ilipoanza 2024, watu waliijaza simuni bila namba? Ndiyo! Asante! Video elfu na moja, dirisha, tai ya mhudumu, korosho. Namba ya kichwa? Hakuna. Watoto wa hao watu watakuja kukuza picha kama mimi.

Nilitaka pia kuwaeleza uwanja wa chuma chakavu wa Barry, ambako Dai Woodham alinunua injini 297 za mvuke na 213 zikaokolewa kwa sababu alianza na kazi rahisi ya kukata mabehewa, injini zikabaki zinapigwa na chumvi mpaka wapenzi wakaja na pesa. Kisa hicho peke yake kinataka saa nzima. Na ile injini ya mvuke ya mhandisi Trevithick ya Penydarren ya Februari 21, 1804, tani kumi za chuma na watu sabini mpaka Abercynon kwa saa nne na dakika tano, ambayo wenye elimu yao bado wanabishana ilikuwa na umbo gani hasa. Unaona? Hakuna aliyeandika vizuri.

Zile injini za mvuke za aina ya Garratt za reli ya Welsh Highland, na ndugu zao zenye majina ya milima, Mount hii na Mount ile, kule Nairobi, nilikuwa na picha zao kumi na nane. Mwenyekiti anasema hakuna muda. Sawa. Mwakani nianzie hapo, na nikianza tena na D6983 nivuteni kanzu.

Jumamosi tunakwenda Bridgend. Tukutane jukwaani saa nne asubuhi, yaani 10:00, wewe bwana wa saa nane umenisikia? Simameni nyuma ya mstari wa njano. Na leteni penseli, msije na kalamu za wino. Ukurasa wangu wa Machi wino umevuja, wote ni bluu, na katikati yake kuna 37 mbili zimebaki 3 na 3.